Milimita Kumi na Nne za Upande wa Kushoto

Mwaka ule wa mlolongo, nchi nzima ilipofundishwa kupiga kura kwa kujipanga nyuma ya mtu, kulikuwa na uchaguzi mwingine mdogo Eldoret ambao haukutangazwa redioni. Ulifanyika Jumamosi moja alasiri uani kwa Githinji, kando ya barabara ya Soy, na waliojitokeza walikuwa watatu. Hawakuwa wakichagua mbunge wala diwani. Walikuwa wakichagua gari, tena gari dogo ambalo lilikuwa bado halijatengenezwa na mtu yeyote, na kila mmoja alikuja na mgombea wake.

Kiongozi wa mambo hayo, kama kulikuwa na kiongozi, alikuwa Johnstone Ogola, mchoraji wa ofisi ya barabara, mtu wa Gem aliyekuja mjini akiwa kijana na kuzeekea hapo. Kazi yake ilikuwa kuchora mitaro, madaraja na kona, na kwa miaka thelathini hakuna mchoro wake hata mmoja uliorudishwa kwa kosa. Jambo hilo alilisema mara nyingi kuliko watu walivyohitaji kulisikia. Mwaka wa themanini na nne, mwalimu mmoja wa ng'ambo aliyefundisha chuo cha Chepkoilel alikuwa akifungasha kurudi kwao, akauza vitu vyake, na Johnstone akanunua sanduku moja akidhani lina vifaa vya kuchorea. Alipolifungua nyumbani alikuta seti kumi na moja za magari madogo ya plastiki, vipande vikiwa bado vimeshikana kwenye fremu zake, na gundi, na vikopo vya rangi. Akaketi aunganishe moja tu, aone. Alipoinua kichwa, chai ilikuwa imepoa na Jumapili imekwisha.

Ugonjwa huo ulimwambukiza rafiki yake Githinji, dereva wa zamani aliyekuwa sasa na duka la misumari na mabati. Kisha ukampata Nasike, karani wa posta, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ambaye siku moja alikataa kumkabidhi Johnstone parseli yake mpaka amwonyeshe kilichomo. Tangu hapo watatu hao walikutana kila Jumamosi kwa Githinji, wakagandisha vidole vyao kwa gundi na kugombania brashi kama watoto.

Shida yao ilikuwa moja. Kila Januari kampuni ya ng'ambo iliyotengeneza seti hizo ilileta katalogi, nao waliifungua kwa matumaini, na kila Januari ilikuwa imejaa magari ya watu wengine. Kulikuwa na magari ya Marekani yenye mabawa. Kulikuwa na vigari vya Uingereza vya watu wawili visivyo na paa, ambavyo mvua ya Uasin Gishu ingevijaza maji kabla ya saa kumi. Gari walilolijua wao, lililowabeba, lililowapeleka shule na harusini na matangani, halikuwemo. Ndiyo maana waliamua kuandika barua kuomba, na kwa kuwa barua moja haiwezi kuomba magari matatu, wakaamua kupiga kura.

Nasike alishika picha ya lori la Bedford lenye pua, ambalo baba yake aliliendesha miaka kumi na minane akibeba mahindi kutoka Kitale. Johnstone alishika Pijo 404, stesheni wagoni, ile ndefu yenye nafasi ya mizigo nyuma. Githinji alishika Ford Anglia.

Hapo wenzake walimkodolea macho. Githinji alikuwa ameendesha Pijo 404 miaka kumi na moja, Eldoret na Nairobi, Nairobi na Eldoret. Pijo ndiyo iliyomjengea duka. Isitoshe, gari lenyewe lilikuwa pale pale uani, chini ya kibanda cha mabati kando ya tangi la maji, hatua kumi kutoka aliposimama, naye alikuwa ameligeuzia mgongo akiinadi Anglia ambayo maishani aliipanda labda mara mbili. Nasike alimtania kwamba siku hizi hakuna chama kingine cha kuhamia, sasa yeye amekipata wapi. Githinji alicheka kidogo tu, akasema Anglia ina taa nzuri.

Basi kila mgombea akasimama na picha yake, na nyuma ya kila mgombea hapakuwa na mtu. Wangebaki hivyo hadi jua litue kama mke wa Githinji, Wamucii, hangetokea jikoni na sinia la chai. Wakamwomba apige kura. Wamucii aliweka sinia juu ya pipa, akajifuta mikono kwa leso, akamtazama mumewe kwa muda ambao ulikuwa mrefu kidogo kwa jambo la mchezo. Kisha akaenda kusimama nyuma ya Johnstone. Pijo ikashinda kwa kura moja, na Githinji akanywa chai yake.

Johnstone alikuwa na sababu yake, na wote waliijua. Mkewe, Perez, mama wa binti yao Akello, alikuwa mgonjwa wa moyo. Mwezi wa Agosti mwaka wa sabini na tano moyo ulimzidi, madaktari wakaandika barua ya kumpeleka hospitali kubwa ya Nairobi, na Johnstone siku hiyo alikuwa mbali, Kapenguria, akipima barabara. Githinji ndiye aliyempeleka kwa Pijo yake, Wamucii akiwa ameketi naye nyuma. Johnstone alipopata habari na kufika Nairobi kwa basi, siku ya tatu, alikuta kitanda kimetandikwa. Mara ya mwisho kumwona Perez ilikuwa Jumatatu asubuhi, akimpigia shati pasi na kumwambia asisahau sweta. Baada ya hapo, mahali pa mwisho alipokaa akiwa bado Perez, kabla ya kuwa mgonjwa nambari fulani, palikuwa kile kiti cha nyuma cha Pijo.

Desemba hiyo Johnstone angetimiza miaka hamsini na mitano, astaafu, na arudi Gem. Gari la Githinji halingeweza kwenda naye, halikuwa hata na injini. Lakini gari dogo lingeweza. Alikuwa ameshamwagiza fundi kisanduku cha kioo cha kuliwekea, na kisanduku hicho kilikaa juu ya kabati lake kando ya picha ya Perez, kitupu, kikipanguswa vumbi kila Jumapili. Mtu hahitaji kuwa mchawi kuona kwamba haikuwa plastiki aliyokuwa akiitaka.

Barua ilienda, na ajabu ni kwamba ilijibiwa. Kampuni ilisema gari hilo limeombwa na watu wengine pia, ila wao hawana vipimo vya stesheni wagoni. Kama mwandishi anaweza kuwatumia michoro kamili ya gari halisi, wataiweka mezani. Nasike aliileta barua hiyo mwenyewe akikimbia, bado amevaa sare ya posta. Johnstone aliisoma mara nne. Kumwomba mchoraji michoro ni kumwomba mlevi aonje.

Walipima Jumamosi mbili za mwezi wa Juni. Johnstone alikuja na tepu ya ofisi, timazi, na daftari, akalizunguka gari lile kama daktari, hata vitasa vya milango akavipima. Githinji alishika ncha ya pili ya tepu kwa sababu ndilo gari lake na asingeweza kukataa. Walipofika kwenye magurudumu, kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi cha nyuma, upande wa kulia ulikuwa mita mbili na milimita mia nane na arobaini. Wakahamia kushoto. Johnstone akasoma, akasoma tena. Kushoto kulipungua kwa milimita kumi na nne.

Alirudia mara tatu. Kisha akakumbuka Renault 4 ya padri mmoja, ambayo kila fundi wa mji alijua kwamba ilitoka kiwandani upande mmoja mrefu kuliko wa pili, na akauliza kama Pijo nayo ni hivyo. Githinji, aliyekuwa amechuchumaa mbele ameshika ncha ya tepu, alikohoa. Akasema Wafaransa ndivyo walivyo. Johnstone akaandika, kwa kuwa alifundishwa kuchora kilichopo, si kile anachodhani kingekuwepo.

Mchoro ulimchukua wiki tano. Aliuchora kwa wino kwenye karatasi ngumu ya kupitisha mwanga, ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, mbele, nyuma na juu, na pembeni chini akaweka kisanduku cha majina kama ilivyo desturi ya ofisi. Mpimaji, akajaza. Mchoraji, akajaza. Mkaguzi, akaacha wazi. Ofisini mchoro hauwezi kutoka mlangoni bila jina la mkaguzi, lakini huu ulikuwa wake mwenyewe, na hakumpata wa kuukagua. Nasike alimshauri aandike nje ya bahasha kwa herufi kubwa kwamba ni michoro ya gari la kuchezea, ili wale wanaopenda kusoma barua za watu wasijichoshe bure.

Mwishoni mwa Septemba bahasha ilirudi, na mchoro ukiwa ndani.

Johnstone aliifungua kwa Githinji mbele ya wote, na walioona uso wake walidhani kuna msiba. Miaka thelathini, na sasa mchoro umerudi. Kampuni ilisifu kazi, ikasema mara chache hupata michoro safi namna hii, lakini ilikuwa na mambo matatu. Kwanza, nyuma ya gari imechorwa juu mno, kama gari linalotaka kupiga mbizi. Pili, mbona kuna kichanja kizito hivi juu ya paa. Tatu, pande mbili za gari haziwezi kutofautiana. Upande wa kushoto ni mfupi, tafadhali rekebisha. Marekebisho yafike kabla ya Novemba kwisha. Desemba wangechagua magari ya kutengeneza, na kama mchoro haujafika, nafasi itakwenda kwa gari jingine.

La kwanza liliwachekesha hata kabla hawajamaliza kulisoma. Wamucii alieleza kwamba fundi Mburu aliweka springi nzito zaidi nyuma mwaka wa sitini na saba kwa sababu ya viazi, na Pijo zote za barabara ile zilifanyiwa hivyo. Wakatazamana. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuona 404 ambayo haijawahi kubeba viazi. Walidhani zilizaliwa zimeinua mkia. Johnstone naye alicheka, akasema hilo atalishusha, na kichanja atakitoa, bila ubishi. Lililobaki ni la kushoto. Akasimama, akachukua tepu, akamwambia Githinji waende wapime tena, labda mkono uliteleza.

Githinji hakuinuka. Alikuwa ameshika kikombe kitupu kwa mikono miwili.

"Mwambie, Baba Wacera," Wamucii akasema polepole. "Mwambie, ama nitamwambia mimi."

Nasike aliona bora aende jikoni kutazama chai ambayo haikuwa motoni. Githinji alikitazama kikombe chake.

"Ogola, mkono haukuteleza," alisema. "Hiyo gari niliigonga. Hapo Timboroa. Mama Akello akiwa ndani."

Ilitoka vipande vipande, na Wamucii akijaza palipokatika. Ilikuwa saa nane mchana lakini ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani. Lori la magogo lilitokea bila taa, likiwa limekula njia yote. Githinji akakata kushoto, gurudumu la mbele likaingia mtaroni na kugonga jiwe la karavati, kile kidaraja cha kupitisha maji chini ya barabara. Hakuna aliyeumia, hata mkwaruzo. Ila gari lilikwama, na walikaa pale mpaka trekta ya watu wa msitu ilipokuja kuwavuta. Walifika Nairobi giza limeingia. Siku mbili zilizofuata, Perez akiwa hospitalini, Githinji alilipeleka gari kwa mafundi wa Nairobi likanyooshwa na kupakwa rangi. Bodi ilinyooka. Ekseli haikurudi mahali pake. Johnstone akakumbuka sasa harufu ya rangi mpya siku ile ya msiba, na jinsi alivyodhani kwamba Githinji amelipaka gari rangi kwa heshima ya marehemu.

"Mlikaa masaa mangapi?" aliuliza.

"Matatu."

Johnstone alikunja mchoro wake, akautia ndani ya bomba lake, akavaa kofia, akaondoka bila kuaga. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka ishirini.

Jumamosi iliyofuata hakuja, wala iliyofuata, wala mwezi wote wa Oktoba. Githinji alimwambia Nasike kwamba amempoteza, kwamba alijua siku zote kuwa masaa yale matatu ndiyo yaliyomuua Perez, na kwamba kila alipopita Timboroa alipunguza mwendo bila kujua. Gari liliendelea kuvuta kushoto kwa miaka miwili, naye akavumilia, mpaka siku aliyoona hawezi tena akaliegesha kando ya tangi la maji na kununua mabati ya kuuza. Watu walidhani ni mzee mwenye akili ya biashara.

Lakini Johnstone hakuwa akifikiri hivyo hata kidogo. Daktari wa Nairobi alimweleza wakati ule, kwa upole, kwamba moyo wa Perez ulikuwa umechoka miaka mingi, na kwamba hata angefika kwa ndege ingekuwa vilevile. Alimwamini wakati ule na alimwamini sasa. Kilichomchoma ni kingine, naye alikionea aibu hata kukitaja. Kwa miaka kumi na mitatu Githinji na Wamucii walikuwa na masaa matatu ya Perez, na yeye hakuwa nayo. Alikuwa amehesabu kila kilichobaki cha mkewe, nguo, picha, barua saba, namna binti yao Akello alivyokohoa kama mama yake, na alidhani hesabu imefungwa. Kumbe kulikuwa na masaa matatu yaliyofichwa kwa jirani. Alikuwa na wivu, mzee mzima, na aliona wivu ule kama njaa.

Novemba ilipoingia alitandika mchoro mezani, akachukua wembe. Wino wa karatasi ile haufutwi, unakwanguliwa, na mkono uliozoea hufanya hivyo bila kuacha alama. Alikwangua nyuma ya gari, akaishusha mahali ilipostahili. Akakiondoa kichanja. Dakika ishirini. Akahamia upande wa kushoto, akapiga hesabu kwanza kwa mazoea. Gari dogo lingekuwa mara ishirini na nne chini ya lile halisi. Milimita kumi na nne zingekuwa zaidi kidogo ya nusu milimita. Hakuna jicho ambalo lingeona. Hata akiacha, hata akirekebisha, gari ndani ya kisanduku cha kioo lingeonekana lile lile.

Akaweka wembe kwenye mstari. Akauinua bila kukwangua. Mistari miwili ya kushoto ikilingana na ya kulia, basi lori la magogo halikutokea, na ukungu haukushuka, na Perez alipita Timboroa moja kwa moja akaenda kufa. Masaa yale ndiyo yalikuwa pale, katika upana ule. Aliufunga wembe katika karatasi yake, akavaa sweta, akatembea mpaka barabara ya Soy.

Githinji alikuwa akimpimia mtu misumari. Johnstone alisubiri mteja aondoke.

"Nipeleke," alisema. "Nataka kuona mahali."

Walikwenda Jumamosi asubuhi kwa pikapu ya duka, watatu kwenye kiti kimoja, Wamucii katikati, na Johnstone akiwa na tepu mfukoni na mchoro katika bomba lake magotini. Baridi ya Timboroa iliwapokea kama ilivyopokea kila mtu. Kando ya barabara akina mama walikuwa wameketi nyuma ya marundo ya viazi na kabichi, wamejifunga blanketi. Githinji alipunguza mwendo, akasimama, akazima gari. Hakuhitaji kuonyeshwa. Palikuwa na misonobari, nyasi zilizolowa, na karavati ambalo pembe yake moja ilikuwa imemeguka.

Johnstone alishuka mtaroni. Hakuna aliyejua atafanya nini, naye mwenyewe hakujua. Aligusa pembe iliyomeguka. Akachuchumaa. Kisha mkono wake, ambao kwa miaka thelathini haukuwahi kusimama kando ya mtaro ukafanya kitu kingine, uliingia mfukoni ukatoa tepu. Akaishusha ncha mpaka chini, akasoma kina.

Wamucii, aliyekuwa amesimama juu kando ya barabara, alitoa sauti ambayo Johnstone aliidhani ni kilio. Alipotazama juu aliona kwamba anacheka, machozi yakimtoka, ameshika mdomo kwa leso.

"Alisema," akajaribu, akashindwa, akajaribu tena. "Baba Akello, alituambia sisi. Alisema, 'Johnstone msimwambie. Akijua atakuja hapa na tepu apime huu mtaro.'"

Johnstone alibaki amechuchumaa na tepu mkononi. Halafu alianza kucheka, na kicheko kikageuka njiani, na Githinji akashuka mtaroni na viatu vyake vya kanisani akaketi kando yake kwenye nyasi zilizolowa. Walikaa hapo muda, wazee wawili mtaroni, na magari yakipita juu yakipiga honi.

Ndipo Wamucii alipompa masaa yake. Alimweleza kwamba walikitoa kiti cha nyuma wakakiweka nyasini ili Perez aketi vizuri. Watu wa msitu walikuwa na moto, wakawachomea viazi na chumvi, na Perez alikula viwili, yeye ambaye wiki nzima hakuwa ameshika chakula. Alimcheka Githinji kwa jinsi alivyotetemeka kuliko mgonjwa. Alisimulia kwamba siku ya harusi yao Johnstone alipima kitanda kabla ya kununua shuka, kisha akapima shuka, kisha akarudi dukani. Aliimba kidogo, wimbo wa kwao wa kubembeleza mtoto, maana alikuwa akimfikiria Akello. Ukungu ulipofunguka jua likampiga usoni, akavua kitambaa cha kichwa, akasema hapa ni pazuri, siku moja tutakuja wote tukiwa hatuna haraka. Johnstone alisikiliza yote bila kukatiza. Mara mbili aliomba arudiwe kuhusu viazi.

"Tumekuja basi," Githinji alisema.

Johnstone alimaliza kazi aliyoianza. Alimpa Githinji ncha ya tepu, naye akaishika, mara hii bila kukohoa. Wakapima upana wa mtaro juu na chini, kina chake, na umbali wa jiwe kutoka ukingo wa lami. Hakungoja usiku wala siku nyingine. Juu ya boneti ya pikapu, akiwa ametandika daftari, Johnstone alichora mtaro kwa kukatwa ubavu kama ambavyo ofisi ya barabara huchora mitaro, na chini yake akaandika: Timboroa, Agosti 1975. Kisha akatoa mchoro mkubwa wa Pijo kutoka kwenye bomba, akaukunjua, akaweka kalamu kwenye kile kisanduku cha chini kilichokuwa wazi tangu Julai. Mkaguzi. Akaandika jina la Perez, herufi kwa herufi, kwa mwandiko wake bora.

Barua aliyoambatanisha ilikuwa fupi. Aliwaambia wa kampuni kwamba nyuma ameshusha na kichanja ametoa, na anawashukuru kwa kumwonyesha. Upande wa kushoto ni mfupi kwa milimita kumi na nne. Vipimo ni sahihi. Sababu iko katika karatasi ya pili. Nasike alipima bahasha, akabandika stempu, akauliza kwa nini wazungu wanatumiwa mtaro. Johnstone akamwambia ni sehemu ya gari.

Katalogi ya Januari ilikuja wakati Johnstone alikuwa ameshafunga vitu vyake, lori la kumpeleka Gem likingojewa Jumatatu. Kisanduku cha kioo kilikuwa kimefungwa juu kabisa ya mizigo, na ndani yake alikuwa ameweka tepu, ambayo kwa haki ilikuwa mali ya serikali. Walifungua katalogi uani kwa Githinji, ukurasa kwa ukurasa. Kulikuwa na gari jipya la Kiitaliano, jekundu, lisiloweza kubeba hata debe moja. Pijo haikuwemo. Nasike aliifunga katalogi, akasema hata hawa jamaa wanahesabu kura kama wengine, na hakuna aliyemlaumu kwa kulisema, maana walikuwa peke yao.

Wamucii alisema basi ipigwe kura nyingine, iandikwe barua nyingine. Nasike akachukua picha yake ya Bedford, akasimama pale aliposimama mwaka jana. Alisema anawapenda wote lakini lori la baba yake hataliacha. Johnstone akachukua picha ya Pijo, pembe zake zimechakaa, akasimama upande wa pili. Wamucii akaenda nyuma yake.

Githinji alikuwa bado ameketi. Alichukua picha ya Anglia mezani, akaitazama, akaiweka chini ya sinia. Akainuka akapita mbele ya gari lake kuukuu, akaligusa tairi la mbele la kushoto kwa mkono alipopita, akaja kusimama mlolongoni nyuma ya mkewe.

"Songeni mbele kidogo," alisema. "Mimi pia nahesabiwa hapa."